Kufufua kifaru cha Sherman M4A1 na kuijenga upya injini yake

Sherman iliyokaa miaka mingi uwanjani au kwenye ghala la vyuma chakavu humshawishi mwenye nayo kwa jambo moja: aiwashe tu, walau aisikie. Betri mpya, petroli kidogo, stata. Usithubutu. Injini iliyolala muda mrefu inaweza kufa katika sekunde za kwanza kabisa, na ikifa hivyo huondoka na vipuri ambavyo vingeokolewa. Njia inayoelezwa hapa ni ndefu zaidi: injini inatolewa, inafunguliwa, inapimwa, inajengwa, kisha inawashwa ikiwa nje ya kifaru. Kelele itakuja kwa wakati wake.

Jua kwanza ulicho nacho

Marekani ilitengeneza Sherman 49,234 kati ya 1942 na 1945, na jina moja linaficha mashine tofauti sana. M4 na M4A1 zinatumia Continental R975, injini ya nyota (silinda zake tisa zimepangwa duara kuzunguka kranki) inayopozwa kwa hewa. M4A2 ina injini mbili za dizeli zilizounganishwa. M4A3 ina Ford GAA ya V8. M4A4 ina Chrysler A57, ambayo ni injini tano za gari zilizofungwa pamoja hadi kufikia silinda 30. Ukiwa na hiyo, tafuta mwongozo mwingine na marafiki wengi. M4A1 inatambulika haraka kwa bodi yake ya kusubu yenye kona za mviringo, wakati nyingine nyingi zina mabamba yaliyochomelewa.

Usiridhike na umbo la nje peke yake. Baada ya vita vifaru vingi vilipita kwenye karakana za majeshi, vikabadilishwa mzinga, minyororo, hata injini. Namba ya kiwandani hupigwa kwenye masikio ya kuvutia ya nyuma, chini ya rangi. Kwangua taratibu kwa mkono, si kwa grainda. Namba hiyo ndiyo itakayokuambia kiwanda na mwezi, na kwa hiyo vifaa gani vinastahili kuwapo. Ukitaka kuona za mwanzo zilivyokuwa, katika makumbusho ya Bovington, Uingereza, kuna M4A1 iitwayo Michael, miongoni mwa za kwanza kutoka kiwanda cha Lima mwaka 1942.

Halafu amua kama kifaru chako kinapaswa kutembea kabisa. Si kila kimoja. M4A1 ya kuelea iliyotolewa baharini mwaka 1984 karibu na Slapton Sands, Uingereza, imesimama kijijini Torcross kama kumbukumbu, na hakuna mwenye akili angeivua vyuma vyake vilivyoliwa na chumvi ili aweke vipya. Chombo chenye historia ya pekee namna hiyo kinahifadhiwa kilivyo. Kilichobaki ganda tupu, au kilichokwisha kufanyiwa matengenezo mara nyingi, hicho ndicho cha kufufua.

Vitabu viwili vya jeshi la Marekani ni lazima uwe navyo kabla ya spana ya kwanza: TM 9-731A wa kifaru chenyewe na TM 9-1751 wa injini ya R975-C1. Vipimo vyote vya uwazi na toki (nguvu ya kukaza bolti) vichukue humo, si kichwani mwa mtu.

Hatari zisizoonekana

Kifaru kilichokuwa shabaha kinaweza kuwa na risasi au kombora lisilolipuka ndani, chini ya matope ya sakafu. Wataalamu wa mabomu wakikague kwanza, na hapo hakuna mjadala. Mzinga na bunduki zake zina sheria zake katika kila nchi. Hakikisha una karatasi zinazoonyesha zimezimwa kisheria.

Saa za dashibodi zinazong'aa gizani huenda zimepakwa rangi yenye radiamu. Usizifungue, usizikwangue, usizipulize kwa hewa. Bitana za breki, gasketi na vitambaa vya ekzosi mara nyingi vina asbesto, kwa hiyo vilowanishe kabla ya kuvigusa na vaa kinyago kinachofaa, maana kitambaa cha puani hakizuii kitu. Rangi ya zamani ina madini ya risasi (ledi). Na valvu za ekzosi za injini za aina hii huwa na sodiamu ndani ya shina: valvu mbovu usiikate wala kuitupa motoni.

Hatari kubwa kuliko zote ni uzito. Kifaru kizima kina tani 30 hivi, na hakuna kipande chake kinachosamehe kidole. Kila kinachoinuliwa kiwekewe magogo au stendi mara moja. Jeki ni ya kuinulia, haikuumbwa kushikilia.

Kuvua na kuweka kumbukumbu

Mradi wa kifaru haufi kwa kukosa injini. Unafia katikati ya kuvua, pale karakana inapojaa makopo ya bolti ambayo hakuna anayekumbuka yalitoka wapi. Piga picha kabla, wakati wa kuvua na baada. Kila bomba na kila waya upate kibandiko chenye namba, na namba iandikwe daftarini pamoja na mchoro, hata kama mchoro wako ni mbaya. Bolti zirudishwe kwenye matundu yake au zifungwe kwenye mfuko ulioning'inizwa kwenye kipande chake.

Bolti zilizokwama zipe siku kadhaa za mafuta ya kupenyeza, halafu joto, halafu spana. Anayeanza na bomba refu kwenye spana atamalizia na dreli.

Kutoa injini

R975 imekaa nyuma, feni yake kubwa ikielekea mbele kwa wafanyakazi wa kifaru, na shafti ndefu inapita chini ya kikapu cha mnara wa mzinga hadi giaboksi iliyo puani. Toa mabamba ya juu ya chumba cha injini, fungua milango ya nyuma, kisha tenga shafti, mabomba ya petroli na oili, ekzosi, nyaya na fito za kuendeshea kabureta na klachi. Mwaga petroli yote kwanza. Matangi manne yanabeba takribani lita 660 yakijaa, na hata tangi tupu lina mvuke unaolipuka.

Injini yenyewe inazidi nusu tani. Tumia kreni na mkanda maalumu wa kuinulia kwenye sehemu zilizoonyeshwa kitabuni. Mtu mmoja tu atoe ishara kwa mwendesha kreni, na mwingine aangalie pande zote, kwani nafasi ni ndogo na mabomba ya kupitishia hewa ya kabureta huvunjika kirahisi. Ifunge kwenye stendi inayozunguka. Ukikosa stendi, tengeneza. Kuifungua injini ya nyota ikiwa chini ni kujitafutia balaa.

Kuifungua

Toa plagi zote 18 (mbili kwa kila silinda, kila moja na magneto yake, yaani mtambo wa kuzalisha umeme wa cheche) na uchungulie ndani kwa kamera ndogo. Kutu ukutani, maji, kiota cha panya: vyote vimewahi kupatikana kwenye injini hizi. Tia mafuta ya kupenyeza, subiri, kisha jaribu kuizungusha kwa mkono. Ikikataa, acha. Kulazimisha kunapinda kondrodi.

Kabla ya kwenda mbali fungua chujio za oili. Hizo ndizo zitakazokupa habari za kweli. Tope jeusi laini ni la kawaida, maana oili za zamani ziliacha masizi. Vipande vinavyong'aa vya shaba au fedha vinasema beringi imeanza kuliwa. Chuma kinachonasa kwenye sumaku kinasema jambo baya zaidi, na hapo jiandae kununua injini ya pili kwa ajili ya vipuri. Habari njema ni kwamba Continental ilitengeneza zaidi ya injini 53,000 za R975, na zilifungwa pia kwenye magari mengine ya kivita ya Marekani, M3, M7 Priest na M18 Hellcat, hivyo vipuri bado vinapatikana kwa anayetafuta kwa subira.

Sasa ondoa mabomba ya hewa na ya ekzosi, nyaya za plagi, vifuniko vya roka, fimbo za kusukumia valvu na mirija yake. Kila kitu kiandikwe namba ya silinda. Silinda namba 1 ni ya juu kabisa. 5 na 6 ndizo za chini. Ng'oa silinda moja moja, pistoni yake ikiwa juu na valvu zote mbili zimefunga.

Utaratibu wa kung'oa una maana yake. Ndani ya injini ya nyota kuna kondrodi kuu moja iliyoshika kranki, na nyingine nane zimeshikamana nayo kwa pini. Silinda ya kondrodi kuu iwe ya mwisho kutoka na ya kwanza kurudi. Ukiitoa mapema, kondrodi kuu itayumba pembeni kranki ikizungushwa, pistoni za wenzake zitashuka kupita kiasi, ringi zitachomoka chini ya silinda, na hutazirudisha bila kuvunja kitu. Pistoni iliyo wazi ishikiliwe isigonge ukingo wa mwili wa injini.

Baada ya silinda kuna sehemu ya nyuma yenye gia za magneto na pampu, pamoja na pangaboi la kusukumia mchanganyiko wa hewa na petroli. Hatimaye mwili wenyewe unagawanyika, na kranki inatoka.

Kupima kuliko kukisia

Hapa ndipo pesa zinapookolewa au kupotea, kwa hiyo usikimbie. Safisha kila kipande mpaka kiwe tayari kuguswa na nguo nyeupe. Fungua pia vizibo vya njia za oili ndani ya kranki. Tope lililoganda humo likiachwa litaziba njia ya oili ya beringi mpya katika siku ya kwanza.

Silinda ina kipenyo cha milimita 127 ikiwa mpya. Pima juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokatizana, na uandike vipimo vyote sita. Ukuta uliochakaa juu zaidi ya chini ni wa kawaida. Uliopata umbo la yai unahitaji kuchongwa saizi kubwa zaidi, na pistoni za saizi hiyo. Kichwa cha aluminiamu kimefungwa moja kwa moja kwenye silinda ya chuma kwa joto, kwa hiyo usijaribu kuvitenganisha kwenye karakana ya kawaida. Tafuta nyufa kati ya matundu ya plagi na viti vya valvu, na kwenye mapezi ya kupozea. Pezi lililomeguka pembeni si neno. Ufa unaoelekea kwenye kiti cha valvu ni hukumu ya kifo kwa silinda hiyo.

Kranki, kondrodi na pini zote zipelekwe kupimwa nyufa kwa sumaku na unga. Vipande vya aluminiamu vipimwe kwa rangi ya kupenya. Hii ndiyo gharama ambayo wengi huikwepa kwa kuwa chuma kinaonekana kizuri kwa macho. Injini ya farasi 400 yenye mizunguko 2,400 kwa dakika haijali macho yako. Kondrodi moja ikikatika, zote tisa zinakwenda.

Springi za valvu nunua mpya. Ringi, gasketi, sili na mipira vilevile, bila kujadili. Gaidi za valvu zipimwe na kubadilishwa zikilegea, kisha viti visagwe mpaka valvu ishike petroli bila kuvuja. Magneto mbili mpelekee fundi wa magneto. Koili zake huharibika kwa unyevu hata zikiwa zimekaa rafuni.

Kuijenga

Chumba kiwe safi na chenye mwanga, na mtu mwingine awe anasoma kitabu kwa sauti huku wewe ukifunga. Inaonekana kama mchezo lakini inafanya kazi: anayesoma ndiye anayegundua hatua iliyorukwa.

Kranki ya R975 ni ya vipande viwili, na vinashikwa pamoja kwa bolti moja kubwa. Bolti hiyo fuata agizo la kitabu neno kwa neno, pamoja na kupima inavyonyooka. Kila beringi ipakwe oili nzito ya kujengea. Mianya ya ringi ipimwe, kila ringi ndani ya silinda yake yenyewe, na ringi zipangwe ili mianya isifuatane. Nati zote zenye tundu zifungwe waya wa usalama, ukivutwa upande wa kukaza.

Injini hii haina kemshafti ndefu. Ina bamba moja la mviringo lenye kemu linalohudumia silinda zote tisa, na ukikosea alama za gia kwa jino moja, silinda zote zitakosea pamoja. Kagua mara tatu kabla ya kufunika. Fairingi oda (mpangilio wa silinda kuwaka) ni 1-3-5-7-9-2-4-6-8: inaruka moja, inazunguka, inamalizia zilizorukwa. Taimingi ya magneto inachukuliwa kwenye silinda namba 1 ikiwa inabana, na magneto zote mbili zifungue platini kwa wakati kitabu kinavyosema.

Kuiwasha

Ifunge kwenye fremu nzito iliyofungwa sakafuni, nje au mahali penye hewa ya kutosha, na feni yake pamoja na vizuizi vya kuelekeza hewa kwenye silinda vikiwa mahali pake. Injini inayopozwa kwa hewa bila vizuizi hivyo itachemka upande mmoja. Mfumo wa oili ni wa tangi la pembeni, kwa hiyo jaza tangi, kisha sukuma oili ndani ya injini kwa pampu ya nje mpaka itoke juu kwenye roka. Hapo tu ndipo beringi zitakuwa na ulinzi.

Kabla ya stata, zungusha kwa mkono angalau mizunguko miwili mizima ya kranki. Hili si la siku ya kwanza tu. Ni la kila mara injini ikiwa imesimama kwa muda. Oili hushuka kwa uzito wake hadi silinda za chini na kujaa juu ya pistoni. Oili haibanwi. Stata ikilazimisha, kondrodi inapinda bila kelele, na itakuja kukatika wiki kadhaa baadaye. Ukihisi mkono umegota, toa plagi za silinda za chini, 4 hadi 7, uache imwagike. Usizungushe kinyume ili kuikwepa: kurudi nyuma kunaisukuma oili kwenye bomba la hewa, na injini ikiwaka inaivuta tena.

Ikiwaka, tazama geji ya oili na si moshi. Moshi utakuwa mwingi mwanzoni, huo ni wa kawaida. Presha isipopanda mara moja, zima. Iendeshe kwa vipindi, ukiongeza mizunguko taratibu, na usiiache ikinguruma chini sana kwa muda mrefu kwa sababu plagi zitachafuka. Kabla ya kuzima, ipe dakika chache za mwendo mdogo ipoe sawasawa. Baada ya kila kipindi fungua chujio.

Giaboksi, breki na minyororo

Wakati injini iko nje, geukia pua. Giaboksi ina gia tano za mbele na moja ya nyuma, na ndani ya difarensha kuna breki mbili zinazozamishwa kwenye oili. Dereva anavuta wenzo wa kushoto, mnyororo wa kushoto unapungua kasi, kifaru kinageuka. Bitana za breki hizi zikilowa maji au zikilika, huna usukani wala breki kwa pamoja, kwa sababu ni kitu kimoja. Mwaga oili, fungua vifuniko, kagua meno ya gia na upana wa bitana. Kama oili ilikuwa kama maziwa, maji yameingia na beringi zote zikaguliwe. Nyumba hiyo yote ina uzito wa tani kadhaa. Kama inafanya kazi vizuri, mimi ningeiacha mahali pake.

Kila upande una mikokoteni mitatu ya magurudumu mawili mawili, yenye springi za koni zilizobanwa kwa nguvu kubwa. Springi hizo zifunguliwe kwa kifaa chake maalumu tu. Magurudumu yenye mpira uliopasuka au kuachana na chuma yapelekwe kuvishwa upya.

Mnyororo wa M4A1 una viatu (mabamba yanayokanyaga ardhi) 79 kila upande, vimeunganishwa kwa viungio vya pembeni vyenye kabari na nati. Kinachourefusha mnyororo ni kuchakaa kwa viungio kuliko viatu, hivyo viungio vibadilishwe vyote kwa pamoja. Gurudumu la nyuma linakaa kwenye shafti isiyo katikati. Kuizungusha ndiko kunakokaza au kulegeza. Meno ya gurudumu la kuvutia yakiwa yamelika upande mmoja, hamishia pete zake upande wa pili na utapata maisha mengine bila kununua.

Bodi na rangi

Hii sehemu watu huipenda na kuianza mapema mno. Kabla ya kupuliza mchanga, piga msasa mwepesi wa maji sehemu zilizokuwa na maandishi: pembeni, nyuma, mbele. Namba za usajili na alama za kikosi mara nyingi bado zipo chini ya tabaka tatu za rangi za baadaye, na zikishapulizwa hazirudi. Ukizipata, zipige picha na uzinakili kwenye karatasi ya kupitisha mwanga. Kisha safisha, paka praima, halafu rangi ya kijani cha jeshi isiyong'aa. Alama za risasi kwenye deraya mimi huziacha.

Mwendo wa kwanza

Chagua uwanja tambarare, wazi, usio na watu. Mtu wa nje aongoze kwa ishara, kwani dereva haoni karibu. Mitungi ya kuzimia moto iwe imejazwa na watu wanajua ilipo. Nenda gia ya kwanza, simama, jaribu kila wenzo wa breki peke yake, ndipo upande gia. Usigeuke kwa ghafla kwenye lami au zege. Mnyororo mpya bado haujakaa. Hesabu petroli pia: kwa makadirio ya kiwandani, lita 660 zilitosha kilomita 190 hivi barabarani.

Baada ya kilomita mbili tatu zima, gusa kitovu cha kila gurudumu kwa nyuma ya kiganja. Kinachounguza kina beringi mbovu au grisi haitoshi. Kaza upya nati za kabari za viungio vyote, pima tena mkazo wa mnyororo, na rudia baada ya mwendo unaofuata, maana nati hizo hulegea hadi viungio vikae. Mwaga oili ya injini ikiwa bado ya moto, weka mpya ya daraja la SAE 50 kama hali ya hewa ni ya joto, na pitisha sumaku kwenye chujio kabla ya kufunga.